Erthi mbili, harusi moja

Shaabani Tanga hakulaliki. Kila mwenye binti wa kuozesha anataka amalize kabla ya mfungo, na sisi wa kukodisha muziki tunatoka shughuli hii tunaingia ile hata waya hatujakunja vizuri. Ilikuwa Agosti 2009, nina miaka 19, na mwaka wa pili ulikuwa umeanza nikijifunza kazi kwa mjomba wangu, Ngamiani.

Jumamosi ile ilikuwa taarabu. Mtaa ulifungwa kwa maturubai, na mwenye shughuli alitaka wanawake waliokaa mwisho kabisa wasikie kama wa mbele. Tukaazima amplifaya ya pili kwa fundi mwenzetu, tukaiweka na spika zake mbili kule mwisho, kama mita 30 kutoka jukwaani. Umeme wa jukwaa tuliuvuta kwa mwenye harusi. Wa kule mwisho jirani alitupa kupitia dirisha lake. Kutoka kwenye mixa nikatandaza waya mmoja mrefu wa sauti, jeki huku, jeki kule.

Nilipowasha, ukatoka mvumo. Si ile shhh nyembamba ya spika iliyo hai. Vuuuu nzito, mpaka vikombe vya kahawa vikawa vinagongana kwenye sinia. Nikashusha volyumu ya mixa yote: vile vile. Mpiga gitaa la besi, aliyekuwa anaweka nyuzi zake sawa, akabana uzi mnene kwenye freti ya tatu, akausikiliza na ule mvumo. "Bwana mdogo, spika zako zinapiga G. Imepanda kidogo tu."

Baadaye nilikuja kuelewa alivyokuwa sahihi. G ile ya chini ni hezi 49, na umeme wetu hupwa na kujaa mara 50 kwa sekunde. Tulichokuwa tunasikiliza ni umeme wenyewe.

Usiku ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba ya kwetu haivumi na ya kuazima inavuma, kwa hiyo nikasema amplifaya ile mbovu. Nilisema kwa sauti, na mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Hakujibu kitu, alitazama chini.

Mjomba akaja. Mfukoni alikuwa na jeki isiyo na waya, ambayo ndani yake ameunganisha ncha na mwili kwa risasi. Akiiita jeki bubu. Akachomoa waya wangu kwenye amplifaya ile, akachomeka bubu mahali pake. Kimya. Akapandisha volyumu hadi mwisho, ukasikika mpumuo mdogo tu.

"Chombo cha mwenzako hakina neno, mjomba," akaniambia. (Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja.) "Mtake radhi."

Nikamtaka radhi. Lakini shughuli ilikuwa inangoja, waimbaji wameshavaa, na mimi nilikuwa na dawa niliyofundishwa na vijana wa mjini: mvumo ukikushinda, kata erthi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Nikafungua plagi ya amplifaya ya mwisho, nikashika koleo, nikaukamata ule waya wa kijani wenye mstari wa njano. Mjomba akanidaka kifundo cha mkono. Hakuwahi kunishika kwa nguvu vile, si kabla wala baada ya siku hiyo.

Hakunigombeza. Alichukua mita, akaiweka kwenye volti za AC, ncha moja akagusisha bati la amplifaya, nyingine akaiunga kwa waya mwembamba hadi bati la mixa, waya wa sauti ukiwa nje. Ikasoma 1.8.

"Nyumba mbili, nondo mbili za erthi ardhini. Hazilingani. Wewe umeziunganisha kwa waya wa sauti. Sasa umeme unapita kwenye wavu wa nje wa waya huo, kutoka erthi hii kwenda ile, na amplifaya itajuaje upi ni wimbo na upi ni umeme? Wimbo wenyewe hapo ni volti moja, haifiki." Akanyanyua ile plagi niliyokuwa nimeifungua. "Ukikata huu, siku fezi, waya wenye umeme, ikigusa bati humu ndani, haina pa kwenda. Itapanda waya wa sauti mpaka kwenye mixa. Kwenye mixa kuna maiki. Maiki kaishika mama wa watu, mkono umeroa jasho."

Dawa ilikuwa kuitoa amplifaya ya mwisho kwa jirani na kuilisha kutoka nyumba ile ile ya jukwaa, iwe erthi moja. Ekstensheni yetu haikufika nusu. Saa tatu usiku nikatumwa mtaa wa pili kwa fundi wa kuchomelea mageti, mwenye kebo nene ya mita 40. Aliamka, akakubali, lakini alikataa kuiachia kebo itoke peke yake. Alikuja nayo, akakaa kando yake hadi alfajiri, tukamletea pilau.

Mvumo ukaanguka. Kikabaki kijivumo chembamba: nilikuwa nimelaza waya wa sauti bega kwa bega na kebo ya umeme. Tukavitenganisha, na palipolazimu vikutane tukavipitisha msalaba. Hapo ndipo niliposikia kasoro nyingine, besi ya kule mwisho ilikuwa nyepesi kama ya redio ya mfukoni. Mjomba akachomoa nyaya za spika, akagusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwenye kila moja. Ya kwanza koni yake iliruka mbele. Ya pili ilirudi nyuma. Nilikuwa nimegeuza nyekundu na nyeusi, kwa hiyo moja ilikuwa ikisukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Nikageuza. Gitaa la besi likaja na uzito wake wote, na wanawake wa mwisho wakanyanyuka kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa.

Asubuhi, mjomba alimwaga plagi zetu zote kwenye mkeka, akanipa bisibisi. Zilikuwa 11. Nilizifungua moja moja. Katika moja, waya wa kijani ulikuwa umekatwa, ncha imezungushiwa utepe mweusi. Utepe huo niliufunga mimi, Aprili, kwenye mkutano mmoja ambapo mvumo ulikoma na watu wakanisifu. Nikamwambia.

"Tumeitumia mara ngapi?"

Nikaanza kumhesabia. Chumbageni mara mbili. Makorora. Nilipofika Pongwe, ambako mvua ya Mei ilitukuta katikati ya wimbo na mwimbaji akaumaliza amelowa chapachapa, maiki mkononi, mjomba aliniashiria ninyamaze.