Nilivyopata pa kuweka vielezi katika sentensi za kutendwa za Kiingereza

Kazi yangu inanidai ripoti za Kiingereza, na ripoti hupenda sana kauli ya kutendwa: sampuli zilichukuliwa, matokeo yalilinganishwa, ombi lilikataliwa. Kauli yenyewe haikunisumbua. Kilichonikwamisha kwa muda mrefu ni kielezi, neno linaloeleza kitendo, kama "carefully". Niandike "The results were carefully checked" au "The results were checked carefully"? Na pakiwa na "have been", kiingie wapi?

Mambo yalianza kufunguka nilipolinganisha lugha hizi mbili. Katika Kiswahili kutendwa kumo ndani ya kitenzi: yalikaguliwa, basi. Hakuna upenyo wa kupachika neno, kwa hiyo kielezi hufuata nyuma, yalikaguliwa kwa makini. Kiingereza kazi hiyohiyo hukigawia kitenzi kikuu na visaidizi vyake, kama "have" na "been", na kila nafasi kati yao ni mlango. "Should have been checked" ina milango mitatu. Kwa mazoea ya Kiswahili, mkono wangu ulikuwa ukisukuma kila kielezi mwishoni mwa sentensi. Mara nyingi si kosa, ila ukurasa mzima wa namna hiyo huchosha kusoma.

Kilichonisaidia ni kujiuliza kila mara: kielezi hiki kinaeleza nini? Kikieleza namna au kiwango cha kitendo, nakibana na kitenzi kikuu, lile umbo la tatu (kama "written" ya "write, wrote, written"): "The theory has been widely criticised", "The bridge was badly damaged". Ukiandika "has widely been criticised" utaeleweka, lakini sentensi inalegea. Kikieleza mara ngapi au kwa uhakika gani, nakiweka baada ya kisaidizi cha kwanza: "The door should always be locked", "The file has probably been deleted". Vikikutana viwili, kila kimoja kinakwenda kwake: "It has never been properly tested". Sentensi hiyo naipenda sana, kwa sababu inaonyesha milango miwili ikitumika bila msongamano.

Mwishoni nakipeleka pale namna yenyewe inapokuwa ndiyo habari. Nikitaka msomaji ajue kwamba barua iliandikwa harakaharaka, naandika "The letter was written hurriedly, in pencil", na uzito unaangukia panapostahili.

Vipo vielezi ambavyo kuhama kwake hubadilisha maana kabisa, na hapo ndipo ninapotulia zaidi. "The question was answered foolishly" inasema jibu lilikuwa la kipumbavu. "The question was foolishly answered" inaweza kusema kitu kingine: jibu huenda lilikuwa zuri, ila upumbavu ulikuwa kulijibu swali lile. Katika ripoti inayomhusu mtu, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Kigumu kuliko vyote kwangu ni "reluctantly" na wenzake wanaobeba nia ya mtu. Kutendwa humficha mtenda, lakini nia lazima iwe ya mtu fulani. "The witness was reluctantly questioned": nani aliyesita? Shahidi aliyehojiwa, au wale waliomhoji? Kisarufi sentensi haina kasoro, lakini msomaji hana njia ya kujua. Nilijaribu kukisogeza kielezi mbele na nyuma, na hakuna mahali palipoondoa utata wote. Sasa sihangaiki nacho. Naiacha kauli ya kutendwa, namtaja mtenda: "The officers were reluctant to question the witness". Kama aliyesita ni shahidi, naandika "The witness was reluctant, but answered the questions". Sentensi inarefuka kidogo, na lawama inabaki kwa mwenyewe. Nadhani waandishi wengi hung'ang'ania kutendwa hapo kwa sababu kunasikika rasmi. Mimi naona urasmi unaoficha nani alifanya nini hauna faida kwa msomaji.

Limebaki la kistari kifupi. Kielezi na umbo la tatu vikitangulia nomino, "a well-written report" hupata kistari, ila "a carefully written report" haikihitaji, maana kielezi kinachoishia na -ly kinajitambulisha chenyewe. Na "well" ikirudi baada ya kitenzi, "The report is well written", kwa kawaida kistari kinaondoka.