Nilivyojifunza kutunga wimbo ambao waamini wanaweza kuuimba

Nikisikiliza nyimbo za zamani tulizorithi kutoka Ulaya, sikio langu hukimbilia miisho ya mistari. Tuni nyingi, za Kiingereza hasa, hutua kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho. Mkazo wa Kiswahili uko silabi moja kabla ya hapo, kwa hiyo tuni ya namna hiyo hutulazimisha kuimba "MuNGU" na "mileLE". Tumeshazoea, hatushangai tena. Lakini anayetunga wimbo mpya ana sababu gani ya kuubeba ugonjwa huo?

Hapo ndipo nilipoanzia. Kabla ya kugusa kinanda nasoma maneno kwa sauti kama msomaji wa somo, huku nikigonga meza kila penye mkazo. Chukua kiitikio "Ee Bwana, utuhurumie". Neno la mwisho lina silabi sita, na uzito wote uko kwenye "mi". Basi "utuhuru" naipitisha upesi kwa nota fupi, "mi" inaangukia pigo zito na kuvutwa, "e" inashuka polepole. Nikifika hapo, nusu ya tuni imeshapatikana.

Taabu iko kwenye mashairi. Shairi la kwanza likikaa vizuri, la pili linakuja na maneno marefu zaidi, na kila kiambishi cha mwisho kinahamisha mkazo: ukisema "penda" unakaza "pe", ukisema "pendeni" unakaza "nde". Kulazimisha mizani ilingane huzaa Kiswahili kilichopinda, cha maneno yasiyosemwa na mtu yeyote nje ya kanisa. Nilichofanya ni kukiachia kiitikio tuni kamili ya sauti nne (soprano na alto za juu, tenori na besi za chini), na mashairi nikampa mwimbaji mmoja ayaimbe kizaburi: nota moja inabeba silabi zote zilizopo, ziwe tano au kumi na tano, halafu tuni inageuka pale tu unapofika mkazo wa mwisho. Tangu hapo sihesabu silabi.

Kwenye sauti nne vitabu vina sheria zake, kama ile ya kutozisogeza sauti mbili sambamba zikiwa zimeachana kwa oktava (kutoka do hadi do inayofuata) au kwa nota ya tano (kutoka do hadi so). Nazishika. Ila kwaya za kujitolea zina sheria yake nyingine: tenori ni wachache, na siku ya mvua huenda asifike hata mmoja. Kwa hiyo nota tatu za do-mi-so zikiimbwa pamoja, ile nota ya mi siiachi kwa tenori peke yao. Naipa alto au soprano, ili tenori wakikosekana wimbo usisikike mtupu. Alto nao nawahurumia. Watunzi wengi huwaacha kwenye nota moja mstari mzima kana kwamba ni adhabu, kisha alto haohao ndio wanaolaumiwa kwamba wanashuka chini ya nota.

Kinanda kilinifundisha mengine. Kwenye kinanda cha mabomba, ubonyeze kwa nguvu au taratibu, bomba linatoa sauti ileile. Ukubwa wa sauti hutokana na safu za mabomba unazofungua: safu ya futi 8 hulia kama nota ilivyoandikwa, ya futi 16 oktava moja chini, ya futi 4 oktava moja juu. Sasa mkazo unautoaje? Kwa ukimya. Nota inayotangulia silabi "mi" ya "utuhurumie" naiachia mapema kidogo, na ule mwanya mdogo ndio unaoifanya "mi" isikike nzito. Mwisho wa mstari nainua mikono kabisa, maana kinanda hakipumui lakini watu wanapumua. Nikichelewa kuinua, kanisa zima linabaki nyuma yangu.

Mbwembwe nazo zina mahali pake. Mwaka 1706 viongozi wa kanisa la Arnstadt, Ujerumani, walimkaripia mpiga kinanda wao wa miaka 20 kwa kuchomeka nota ngeni katika nyimbo hadi waamini wakachanganyikiwa. Kijana huyo alikuwa Johann Sebastian Bach. Nampenda sana Bach, ila siku ile ningekaa upande wa waamini. Mbwembwe zangu naziweka kabla ya wimbo au baada ya baraka, watu wakitoka.

Jambo la mwisho ni kimo cha wimbo. Ibada za alfajiri nashusha toni nzima, kwa sababu koo bado hazijaamka. Aliyelelewa kwa solfa, yaani kusoma nota kwa majina ya do, re, mi, haoni shida hapo, do inahama na wenzake wote wanaifuata. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, yaani kupandisha au kushusha wimbo wote, na wenzangu wengi wanakitegemea. Mimi sikigusi. Mtu akisahau kukirudisha, wimbo unaofuata unaanza pasipofikika, na soprano wote wanageuka kumtazama.