Mikato ya Sakafu ya Karafuu

Juzi, mafundi walipokuwa wakikata mistari kwenye sakafu mpya ya msikiti wa mtaani, mwanangu aliniuliza kwa nini watu wamwage zege zuri namna ile kisha walikate. Nilimjibu kwa ufupi, lakini fikra zangu zilikuwa zimeshavuka bahari hadi Mtambwe, kisiwani Pemba, kwenye sakafu ya kuanikia karafuu aliyoijenga ami.

Ilikuwa kaskazi, majira ambayo jua na upepo huukausha uso wa zege upesi kuliko ndani yake. Sakafu ilikuwa ya futi 30 kwa 20, unene wa inchi 4, na ilikunja kona ya ghala. Fundi, mzee wa Wete asiyependa maneno mengi, alikwisha kupima mikato ya kila futi 10 ili vipande viwe mraba. Ami hakuafiki.

"Fundi, karafuu zangu zitaingia humo. Nani atazichokoa?"

Fundi hakubishana. Baada ya sala ya alasiri alilaza ubao mrefu ulionyooka, akapiga magoti juu ya kipande kingine cha mbao asije akaacha alama, kisha akalibonyeza zege kwa kidole. Shimo lilibaki vilevile, wala halikujaa maji. Akauvuta mwiko ubavuni mwa ubao, ncha yake ikizama inchi 1 kamili, kwa kuwa mkato usiofika robo ya unene hauna kazi. Kila kokoto iliyokataa kupisha aliisukuma pembeni taratibu, akarudi nyuma kuzilainisha kingo ili zisije zikameguka. Hapo ndipo alipojibu, bila ya kuinua kichwa.

"Mzee, zege likikauka hupungua, na ardhi iliyo chini yake hulizuia. Kupasuka litapasuka tu. Mimi ninalionyesha pa kupasukia."

Ami aliridhia, isipokuwa mkato wa mwisho, ule wa karibu na ghala, mahali pa kukusanyia karafuu zilizokauka. Fundi alimwonyesha kona ya ghala, akamwambia kwamba nyufa hupenda kuanzia kwenye kona kama ile. Ami alishikilia lake.

Kwa siku 7 tuliifunika sakafu kwa magunia yaliyoloweshwa. Kabla ya masika ufa mwembamba ulikuwa umekwisha kutoka kwenye kona ileile, ukapinda-pinda hadi ukingoni. Niliinama kuichungulia mikato ya fundi, nikaona kwamba zege lilikuwa limepasuka humo pia, ila chini kabisa, kwa mstari ulionyooka.

Ulipofika msimu, hata hivyo, wanawake walikaa na chelewa wakichokoa karafuu moja moja kutoka kwenye mikato, kama alivyosema ami. Fundi alipendekeza kuijaza lami. Ami alikataa katakata, kwa kuwa lami hulainika juani na karafuu hunasa harufu upesi.

Ninaamini fundi alilijua zege na ami aliijua karafuu, na sioni nani kati yao alistahili kushindwa. Siku hizi kuna mashine za msumeno, ambazo hukata saa kadhaa baada ya kumwaga, zege likiwa limeshika kiasi cha kingo kutomeguka lakini halijawahi kupasuka lenyewe. Mkato wake ni mwembamba mno, na pengine kichwa cha karafuu kisingezama humo. Kikonyo chake ndicho ninachokitilia shaka.