Siku moja gereji: Land Cruiser inayolia gurudumu la mbele

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua geti la gereji, hapa Unga Limited, Arusha. Vijana washafika, mmoja anafagia mwingine anapanga jeki na stendi. Kazi yangu kubwa ni gari za watalii, zile Land Cruiser ndefu za kufungua paa, na msimu huu wa mwezi wa sita mpaka wa kumi hazipumziki kabisa, gari inarudi kutoka Serengeti jioni, inaoshwa, kesho yake asubuhi iko uwanja wa ndege wa KIA inapokea wageni wengine. Ndo maana wenye gari wengi wanataka jibu la haraka, inalia wapi, badilisha hicho, itoke.

Saa 2 kasoro

Anaingia mzee mmoja dereva, mtu mzima kwenye hii kazi, porini kazunguka kuliko wengi. Shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, alafu hapo hapo: "Mbele kushoto linalia. Tajiri kasema weka beringi mpya, kesho saa 12 asubuhi niwe njiani KIA."

Beringi ni kile kipande chenye rola kinachofanya gurudumu lizunguke laini. Nikamwambia sawa mzee, ila beringi si mlishabadilisha juzi juzi? Akasema ndiyo, gereji nyingine, kabla ya safari hii aliyotoka, na kelele ikarudi alipofika geti la Naabi, Serengeti. Sasa hapo ndo mimi huwa nasimamisha kila kitu. Spea mpya imewekwa na kelele imerudi, maana yake ama haikuwa yenyewe ama haikuwekwa inavyotakiwa, na ukiweka nyingine bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili unamlipisha mtu bure.

Nikamuuliza maswali yangu. Inaanza spidi ngapi? Ukiachia mafuta inanyamaza? Ukikata kona inazidi au inapungua? Ukigusa breki? Ukiweka fowili, magurudumu yote manne yavute? Mzee kajibu vizuri sana, na kwenye majibu yake nikasikia kelele mbili. Kuna mvumo, uuuuu, kuanzia 50 hivi unapanda na spidi. Alafu kuna tak tak tak, hiyo anaisikia akiwa kwenye mchanga na fowili iko ndani anakata kona.

Saa 2:45

Tunatoka kutesti, mzee anaendesha, mimi nimekaa kushoto vioo vimeshushwa, tumeshika barabara ya Kisongo. Kwanza friwili zote mbili, zile kufuli za kwenye habu (kitovu cha gurudumu) zinazounganisha gurudumu na ekseli yake, nimezungusha nikaweka FREE. Hii ndo zawadi ya Land Cruiser za hivi na watu wengi hawaitumii kutafutia kelele. Ukiweka FREE, ekseli za mbele, difu ya mbele na propela yake vyote vinalala, kinachozunguka ni gurudumu, habu, beringi na diski tu. Mvumo ukabaki vile vile, kwaiyo difu na sivi joint (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata likiwa limekatwa kona) nikaziweka pembeni kwa muda.

Nikamwambia mzee weka nyutro tuserereke, mvumo upo, kwaiyo sio injini. Barabara ilipokua nyeupe nikamwambia ayumbishe gari taratibu kulia na kushoto. Akikata kulia mvumo unakua mkubwa, akikata kushoto unapungua mpaka karibu kupotea. Ukikata kulia uzito wa gari unalalia magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu ikilemewa ndo inapiga kelele zaidi. Lakini bado sikusema beringi, maana tairi iliyolika vibaya nayo inavuma hivo hivo na inadanganya mafundi kila siku. Tukasimama pembeni, tukahamisha tairi ya mbele kushoto ikaenda nyuma na ya nyuma ikaja mbele, dakika kumi na tano tu. Mvumo haukuhama.

Kurudi tukaingia njia ya vumbi kwa ajili ya ile tak tak. Friwili LOCK, stiki ya fowili H4, usukani umekatwa mpaka mwisho, mafuta kidogo. Tak tak tak tak, kushoto, wazi kabisa. Jamani hii testi msiifanye kwenye lami kavu, gari ikikata kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, fowili imeyafunga pamoja na lami hairuhusu kuteleza, kuna kitu kitavunjika.

Saa 4

Gari juu ya stendi, magurudumu ya nyuma yamewekewa magogo. Nashika tairi juu na chini natikisa, inacheza. Hapa kuna mtego, kucheza juu na chini kunaweza kua beringi ya gurudumu au beringi za kingpini, pale gurudumu linapogeukia ukikata usukani. Namwambia dogo kanyaga breki shikilia, natikisa tena, imetulia. Breki inaifunga habu, mchezo ukipotea shida iko kwenye beringi ya gurudumu, mchezo ukibaki angalia kingpini. Nikashika kushoto na kulia kwa ajili ya tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu, safi. Nikaweka kiganja kwenye springi huku dogo anazungusha tairi kwa mkono, na ile springi inakuletea mkwaruzo wa beringi mpaka kwenye vidole hata kama sikio halisikii kitu.

Saa 4:40

Tunafungua. Kalipa pembeni imefungwa kwa waya isining'inie na mpira wa breki, friwili nje, alafu tunafika kwenye nati mbili kubwa zinazofunguliwa na boksi spana ya 54. Ya nje ilitoka kwa nguvu ya vidole. Vidole! Katikati ya nati hizi mbili kuna washa ya masikio, sikio moja linakunjwa kwenye nati ya ndani, lingine kwenye nati ya nje, ili zisijifungue. Washa ilikua ya zamani na masikio yamenyooka, hakuna lililokunjwa.

Ila kilichoniudhi zaidi ni ndani ya habu. Beringi yenyewe kweli mpya, rola zinang'aa, lakini ile ringi ya nje inayogongewa ndani ya habu waliiacha ya zamani. Kuing'oa ni kazi, unapiga na tindo upande huu na upande huu, basi mtu akaona aruke. Nikamwita mzee nikamwambia pitisha ukucha hapa. Ukucha ulikwama. Kuna mstari wa vidonda vidogo vidogo kwenye chuma, kila kimoja kama punje ya mtama, upande mmoja wa ringi, na rola mpya zikipita juu yake ndo ule mvumo, na zenyewe zishaanza kuharibika. Mzee akabaki anatikisa kichwa. Beringi za hivi zinauzwa na ringi yake, zinaingia pamoja na zinatoka pamoja.

Saa 6

Sasa tak tak. Nikafungua lile bakuli la mviringo linalobeba sivi joint. Ndani kunatakiwa kuwe na grisi nzito, nyeusi, inayonata. Kilichomwagika ni uji, unatiririka mpaka sakafuni, na unanuka oili ya difu. Oili sili ya ndani ya ekseli, ule mpira unaozuia oili ya difu isivuke, imeshindwa, oili imevuka ikaiyeyusha grisi, sivi ikabaki inafanya kazi haina ulinzi. Tukaiosha na dizeli, nikaitenganisha, golori zote sita nzima, bakuli lake halina ufa, ila mifereji ya golori imelika upande mmoja, ule unaobeba nguvu gari ikienda mbele.

Wengi wanaishia hapa, sili mpya, grisi mpya, funga. Mi nikauliza sili imeshindwa kwanini, maana mzee anasema ilibadilishwa mwaka huu huu. Nikaenda kwenye kale kabomba kadogo ka kupumulia ka difu ya mbele. Kameziba kabisa, vumbi limechanganyika na oili limekua udongo. Difu ikipata moto hewa inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili. Na ukizama kwenye maji difu ikiwa ya moto inapoa ghafla, inavuta maji kupitia sili hizo hizo. Kabomba hako tungekaacha, sili mpya ingetema oili tena.

Saa 7:30

Wali maharage na mchicha kwa mama lishe, harakaharaka. Mzee kampigia tajiri wake kwa spika, nikamweleza yote matatu, mwanzo akawaka, alafu mzee mwenyewe akamwambia "bosi, nimeshika kwa ukucha wangu." Akatuma hela.

Saa 8:15

Mjini kununua. Beringi ya ndani na ya nje, zote na ringi zake, washa mpya za masikio, sili, gasketi, grisi. Beringi nafungulia pale pale kaunta, naangalia maandishi yamechongwa kwenye chuma na yanafanana na ya kwenye boksi, nazungusha. Kuna muuzaji ananuna nikifanya hivo. Anune.

Saa 9:30

Ringi mpya zinagongwa na kipande cha shaba, taratibu kuzunguka, na sikio linasaidia, ikiwa bado inashuka mlio ni mwembamba, ikikaa chini mlio unakua mzito. Grisi inasukumwa ndani ya beringi kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili, kupaka juu juu hakutoshi.

Kukaza ndo penyewe. Nati ya ndani unakaza huku unazungusha habu ili rola zikae, unalegeza, unakaza tena kidogo, alafu unapima. Nafunga mizani ya kuning'iniza kwenye stadi moja ya tairi navuta, habu inatakiwa ianze kuzunguka kati ya kilo 3 na 5 na ushee. Ikianza chini ya hapo italegea, juu ya hapo itaungua. Baada ya hapo washa, nati ya nje, masikio yanakunjwa, kila upande.

Katikati ya hii kazi akaingia mama mmoja na Prado inapiga kelele ya chuma kusagana mbele, amepata hofu kweli. Jiwe dogo limeingia kati ya diski na bati lake la kukinga vumbi. Nikalipinda bati kidogo na bisibisi, likadondoka, akaondoka.

Saa 11

Tukafungua na kulia, maana nataka nione beringi za huko na pia nilikua na mpango na zile sivi. Kwenye gari hii sivi ya kushoto na ya kulia ni sawa, ukizibadilisha upande basi ule upande wa mfereji ambao haujalika ndo unabeba nguvu ya kwenda mbele. Sivi mpya ya uhakika leo haikupatikana, na kwa kua hazina ufa hii ni njia halali ya kumaliza msimu, tajiri nimemwambia wazi kua ni ya muda. Kabomba ka kupumulia tumekaweka kapya na mpira mrefu umepandishwa juu kwenye injini.

Saa 1:20 usiku

Kisongo tena, taa zimewaka. 50, 60, 80, kulia, kushoto, kimya, nasikia upepo na tairi basi. Njia ya vumbi, H4, usukani mpaka mwisho, haipigi. Tuliporudi nikagusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono, vuguvugu, sawa kwa sawa.

Nikamwambia mzee kesho ukisimama Makuyuni gusa hivi hivi kushoto na kulia, moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake nipigie kabla hujaendelea kupanda Karatu. Na ukimaliza hii safari ulete nizipime tena, ringi mpya huwa zinakaa zaidi baada ya rafu rodi. Spea zote za zamani nimemfungia kwenye kiroba, ile ringi yenye vidonda nimeiweka juu juu, ampelekee tajiri.