Bastola ya Kijerumani iliyotoka kwenye sanduku la marehemu

Bastola iliyokaa miaka ndani ya sanduku la bati ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka ithibitike haina. Kidole kisiguse triga, mdomo wa mtutu uelekee kwenye ndoo ya mchanga, magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye kitako, itoke kwanza. Kwenye bastola nyingi za mfukoni za Kijerumani, kibano cha magazini kiko chini kabisa ya kitako, upande wa nyuma; Walther PP na PPK kwa kawaida zina kitufe ubavuni. Magazini ikishatoka, slaidi (kipande cha juu kinachoteleza) ivutwe nyuma na chemba, tundu la risasi nyuma ya mtutu, iangaliwe kwa macho. Watu wengi huishia kwenye magazini, kumbe risasi moja imebaki chemba, na hiyo moja ndiyo inayoua. Slaidi ikiwa imeshikwa na kutu, usiigonge wala usiilazimishe. Iache hapo ilipo, waite polisi.

Leseni ya marehemu hairithiwi. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayetaka kubaki na silaha ya mzee lazima aombe leseni kwa jina lake mwenyewe. Msimamizi wa mirathi aende kituoni mapema, mikono mitupu, akiwa na barua ya usimamizi, cheti cha kifo na leseni ya zamani kama ipo, amuulize mkuu wa kituo silaha ifikishwe vipi. Usiifunge kwenye khanga ukapanda nayo daladala ya Kirumba, Mwanza. Ukikutwa nayo njiani, maelezo yako hayatakuwa na uzito. Siku ya kuikabidhi, dai maandishi yenye namba ya silaha, aina yake na idadi ya risasi. Kama haikuwahi kuwa na leseni, isalimishwe. Serikali hutangaza vipindi vya msamaha mara kwa mara.

Sasa utambuzi, ambao ndio wenye utamu. Mwanza kila bastola ya namna hii huwa ni “ya Mjerumani aliyekimbia vita”. Wajerumani waliondoka Mwanza Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoingia, kwa hiyo simulizi hiyo inaweza kupimwa kwa kusoma chuma. Chukua Walther. Zile za mwanzo zimeandikwa Zella St. Blasii. Mji huo uliunganishwa na jirani yake Mehlis mwaka 1919, na baada ya hapo slaidi zikaandikwa Zella-Mehlis. Ukikuta Zella-Mehlis, hiyo bastola haikuwapo wakati wa vita vile, hata babu aape. Ikiandikwa Ulm, ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda kilipohamia huko. PP yenyewe ilitoka 1929, na PPK ikafuata muda mfupi baadaye.

Ortgies nayo huwadanganya wengi kwa sababu ina sura ya kizamani: mviringo, laini, haina skrubu zinazoonekana. Ilitengenezwa Erfurt kuanzia 1919, na baadaye na kampuni ya Deutsche Werke. Mgongoni mwa kitako ina wenzo wa sefti, kizuizi cha kufyatua: ukiubonyeza unazama na kubaki ndani, na bastola iko tayari kufyatua, kitufe cha ubavu wa kushoto ndicho kinachourudisha nje. Anayeishika mara ya kwanza huiondoa sefti bila kujua. Vibao vyake vya mti kwa kawaida hushikwa na kibati cha ndani kinachofikiwa kupitia tundu la magazini. Kila unapokuta kibao kilichopasuka pembeni, ujue kuna mtu alikibandua kwa bisibisi.

Mauser ya 1910 ni ya milimita 6,35 na ya 1914 ni ya 7,65. Kitako chake kimezungukwa na kipande kimoja cha mti, na mara nyingi hupasuka nyuma, pale kilipo chembamba. Ina tabia moja ya kuogopwa: slaidi ikiwa imebaki nyuma, kuingiza magazini tu kunaifanya ijifunge yenyewe. Magazini ikiwa na risasi, basi risasi imeshaingia chemba. Sauer ya 1913 huandikwa J. P. Sauer & Sohn, Suhl, na nyuma ina kifuniko cha kufungua kwa kuzungusha, chenye springi inayosukuma kwa nguvu. Dreyse huandikwa Sömmerda.

Kwenye mtutu na slaidi kuna alama ndogo za ukaguzi, nyingine ndogo kuliko punje ya mtama. Taji juu ya herufi N ni za kabla ya 1940. Tai juu ya N zilianza mwaka huo. Zisome kwa kioo cha kukuzia na tochi inayomulika kwa ubavu. Ndiyo maana msasa ni adui mkubwa kuliko kutu: fundi akiisugua ing'ae, amefuta cheti chake cha kuzaliwa.

Soma na kipimo cha risasi, kwani hapa majina yanafanana vibaya. 7,65 ya bastola hizi ni 7,65 Browning, si 7,65 Parabellum. “9 mm kurz” ni risasi fupi, si 9 mm Parabellum ambayo ina nguvu zaidi. Risasi zilizokutwa sandukuni zisijaribiwe kabisa. Ziende polisi pamoja na silaha.

Kwa mwenye leseni, kazi ya matunzo ni ndogo ila ni ya kudumu. Unyevu wa ziwa hauchagui nyumba, iwe Capri Point au Igogo, na masika ndiyo mbaya zaidi. Mafuta yaliyoganda ndani yalainishwe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye mswaki wa zamani, yafutwe yakauke kabisa, kwa sababu mafuta ya taa husafisha lakini hayalindi. Kisha paka mafuta ya cherehani: tone moja kwenye kila reli ya slaidi, na juu ya chuma utando mwembamba kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Ukimimina, yatashuka kwenye mti wa kitako na kuulainisha mpaka uoze. Mafuta ya kula na ya nazi hayafai, huganda yakawa gundi. Kutu ya juu juu itolewe kwa pamba ya chuma laini kabisa, namba 0000, ikiwa na mafuta, kwa mkono mwepesi. Siki na ndimu hula rangi nyeusi pamoja na kutu. Iliyopakwa nikeli isiguswe na dawa yenye amonia.

Usifyatue kavu kwa mchezo; pini za kugongea za umri huu huvunjika, na za kubadilisha hazipatikani dukani. Kwenye PP na PPK, sefti hushusha nyundo: usiipime hivyo ikiwa na risasi chemba, maana vipande vya ndani vilivyolika vinaweza kushindwa kuizuia.

Ala ya ngozi ndiyo inayoharibu nyingi. Ngozi hufyonza unyevu, na chumvi za kuitengenezea hutoboa chuma pale inapogusana nacho, ndiyo maana madoa ya kutu huwa na umbo la ala yenyewe. Ala ikae kando. Bastola ilale kasikini ndani ya kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikiwa pembeni. Wakati wa masika ikaguliwe kila wiki mbili, kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha. Baada ya kuishika, futa alama za vidole kabla ya kuirudisha: jasho la mkono huanza kuonekana kwenye chuma baada ya siku chache tu.