Mchungaji wa Scotland pale Mkunazini

Masika ya 2018 nilikuwa natembeza wageni Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Mimi ni muumini wa hapo hapo, kwa hiyo kazi ile sikuifanya kwa ajili ya fedha tu.

Siku moja mvua iliwatawanya watalii wote, akabaki mzee mmoja wa Kizungu mbele ya msalaba wa mbao, ule uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Nikaanza maelezo yangu kwa Kiingereza. Akanikata kwa Kiswahili cha bara: "Huyu ni wa kwetu Scotland, lakini baba yake alilihama kanisa letu, na yeye alitumwa na misheni ya London. Usiwaambie watu kwamba alikuwa Mpresbiteri." Kumbe ni mchungaji mstaafu wa Kanisa la Scotland, kanisa la Kipresbiteri, yaani linaloongozwa na wazee wa kanisa badala ya maaskofu, na ujana wake ulipita Tumutumu, Kenya.

Tukaketi kungoja mvua. Akafungua kibeti chake, akaniwekea kiganjani kipande cha risasi cha pembe nne, kizito kuliko umbo lake, herufi za parokia zimelika nusu. Zamani kwao, Meza ya Bwana ilipokaribia, wazee wa kanisa waliwauliza watu imani yao na mwenendo wao. Aliyeonekana yuko tayari alipewa kipande kama kile, naye siku yenyewe akakirudisha kabla ya kula mkate. Asiye nacho hakushiriki. Nilikishika muda mrefu. Kwetu huku Mkristo hujulikana na mtaa mzima, lakini ni nani kati yetu huulizwa anaamini nini?

Akanieleza habari za kanisa lake, tangu John Knox, kiongozi wa mageuzi ya kanisa huko Scotland, na Ukiri wa 1560, yaani tamko la imani ya kanisa, hadi Ukiri wa Westminster waliouridhia 1647. Mengine aliyapitia mbio mbio. Alipofika 1843 sauti ikapanda. Wakati ule wenye ardhi wakubwa walikuwa na haki ya kisheria ya kuwapa washarika mchungaji wasiyemtaka, na mahakama ziliwaunga mkono. Tarehe 18 Mei, Mkutano Mkuu ulipofunguliwa Edinburgh, mwenyekiti David Welsh alisoma pingamizi, akainama, akatoka. Wakamfuata. Wachungaji zaidi ya 450 kati ya takriban 1,200 waliacha mishahara na nyumba wakaanzisha Kanisa Huru, Thomas Chalmers akiwa mwenyekiti wao wa kwanza. Baadhi ya matajiri wakawanyima viwanja. Kule Strontian washarika waliamua kujengewa kanisa la chuma linaloelea, wakawa wanasali juu ya maji.

Nikamwuliza, kama kanisa lao limefifia leo, watu wa namna hiyo walishindwa na nani?

"Hawakushindwa na adui," akasema. "Walilegeza kiapo cha wachungaji cha kuushika Ukiri wa Westminster." Mwaka 1892 Kanisa Huru lenyewe lilipitisha tamko kwamba mchungaji anaweza kutofautiana na Ukiri katika mambo yasiyo kiini cha imani, na kanisa ndilo litakaloamua kiini ni kipi. Halikukitaja. Waliokataa wakajitenga 1893. Wengi wakaendelea, wakaungana na wenzao 1900, na 1929 wakarudi katika Kanisa la Scotland, ambalo nalo lilikuwa na uhuru huo huo katika katiba yake ya 1921. Tangu hapo anayewekwa wakfu hukiri mafundisho ya msingi yaliyomo katika Ukiri, na orodha ya mafundisho hayo haipo. Mmoja anaamini Kristo alifufuka kwa mwili, mwingine anaona ni namna ya kusema, na wote wawili wameapa sawa.

Katikati ya miaka ya 1950 kanisa hilo lilikuwa na washarika zaidi ya milioni 1.3. Leo hawafiki 300,000. Mzee hakuitupia itikadi lawama yote. Alitaja vita, na vijana kuhamia mijini. Mimi naamini kiapo kina sehemu kubwa kuliko alivyotaka kukubali. Mtu haachi usingizi wa Jumapili kwenda kusikiliza asichokiamini hata anayekihubiri.

"Basi, Mchungaji, mbona wewe hukutoka?"

"Nilikuwa na watu wa kuzika, kijana wangu. Na nilidhani nikibaki nitazuia."

Namheshimu, lakini nilimwambia wazi kwamba wale wa 1843 nao walikuwa na wazee na wagonjwa, wakatoka nao. Hakukasirika. Alisema mwanawe naye alimwambia maneno hayo hayo, kisha akaacha kwenda kanisani kabisa.

Mvua ilipopungua nilimsindikiza hadi Darajani akapate daladala. Nilipokuja kuchaguliwa kuwa katekista, nilimwomba padri tusome pamoja ahadi nitakazotoa, sentensi baada ya sentensi, aniambie kila moja inanifunga kuamini nini. Tulianza baada ya ibada ya asubuhi, na adhana ya adhuhuri ikatukuta bado tunabishana juu ya ya pili.