Mzee wa stoo na esei ya MBA

Mwaka 2022, karibu na Septemba, binamu yangu alinipigia usiku sauti imemkauka, esei za kuombea nafasi ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, zimemshinda. Shule nyingi kubwa za Marekani dedilaini ya raundi ya kwanza ya maombi inaangukia mwanzoni mwa Septemba kwahiyo muda ulikuwa umeisha kabisa. GMAT, ule mtihani wa kuombea shule za biashara, alishafanya na alama zake zilikuwa safi tu, barua za mabosi za kumpendekeza zishatumwa, zilizobaki ni esei. Akaniambia kaka nakutumia, isome uniambie ukweli. Mi mtu akiniomba ukweli huwa naingia woga, maana wengi wanataka sifa.

Akanitumia ya Harvard kwanza. Wakati ule walikuwa na swali moja tu, ni nini zaidi ungependa tujue kukuhusu, na maneno yasizidi 900. (Mwaka 2024 wakabadilisha, wakaweka esei tatu fupi, moja maneno 300 na mbili za 250, na mi naona afadhali, lile swali la wazi liliwapoteza watu wengi sana.) Sentensi ya kwanza ikaniambia yeye ni kiongozi mwenye maono na shauku ya kuleta mabadiliko. Nikashuka chini, niliongoza, nilisimamia, nilifanikisha, yaani sivii iliyovalishwa suti. Na sio kwamba alidanganya, hapana, dada wa watu kafanya kazi kweli kwenye kampuni ya kusambaza dawa, ila ungefuta jina lake ukaandika la mtu yeyote esei isingeshtuka.

Sasa kwenye aya ya nne, katikati ya sentensi ndefu, kulikuwa na kipande kimejibanza: "licha ya upinzani wa baadhi ya wafanyakazi". Nikampigia. Hawa baadhi ya wafanyakazi ni kina nani? Akacheka, akasema aah, ni mzee mmoja tu wa stoo.

Basi akaanza kunisimulia, na hapo nikawa nasikia mtu mwingine kabisa. Walileta sistimu mpya ya kompyuta ya kuhesabu mzigo na yeye ndo alipewa kuisimamia, mzee hakuitaka, alikuwa na kauntabuku lake anaandika kwa penseli miaka yote. Bosi akamwambia binamu mnyang'anye tu hilo daftari. Hakumnyang'anya. Alichukua kiti akakaa naye stoo, siku ya kwanza mzee hakumsemesha hata neno, baadae akaanza kuona pembeni ya majina ya baadhi ya wateja kuna kinyota kidogo. Akauliza. Mzee akamwambia hawa ndo wanaoagiza mzigo mkubwa afu wanarudisha nusu dawa zikiwa zimekaribia kuisha muda. Kwenye sistimu hicho kitu hakikuwepo kabisa! Ikabidi arudi kwa mafundi wa kompyuta aombe waongeze safu ya vile vinyota, akagombana nao maana bajeti ilishafungwa, na bosi akamuuliza mbele za watu kwani we unamsikiliza mlinda stoo?

Nikamwambia esei yako ndo hiyo, andika hiyo.

Akanuna. Kaka hapo si ntaonekana mi ndo nilikuwa sijui kitu? Wale wanatafuta viongozi. Tukabishana pale muda mrefu. Msimamo wangu ulikuwa, na bado ndo huohuo, kwamba matokeo ya kazi yako yako kwenye sivii na bosi wako kayarudia kwenye barua, kitu ambacho msomaji hawezi kukipata kokote ni kilichokuwa kichwani mwako pale umeambiwa nyang'anya daftari na ukaamua kukaa. Uliogopa nini, ulijuaje kwamba mzee hakuwa mkaidi tu? Asilimia za gharama ulizopunguza weka sentensi moja, inatosha, endelea.

Katikati ya ugomvi akaniambia kuna mtu yuko tayari kumwandikia zote kwa hela. Nikamkumbusha kwamba Harvard ukifanya intavyuu walikuwa wanakutaka uandike tena ndani ya saa 24 ueleze ilivyokwenda, sasa huyo mtu atakuwepo hapo? Akanyamaza. Na mi mwenyewe sikumwandikia, niliuliza maswali tu yeye anachapa, maana sentensi zangu zingejulikana tu, naandika kizee.

Ya Stanford ilienda haraka kuliko nilivyotegemea. Wao wanauliza ni kitu gani kina maana kwako kuliko vyote na kwa nini, na watu wengi wanamaliza nguvu kutafuta kitu cha heshima cha kujibu, familia, elimu, haki, wakati uzito wote uko kwenye ile kwa nini. Sehemu ya swali la "kwa nini shule yetu" alikuwa amejaza majina ya maprofesa na klabu kayatoa kwenye tovuti, nikamwambia futa yote, bakiza yale unayoweza kueleza utayafanyia nini. Yakabaki mawili. Esei ya hiari alitaka kuweka tuzo nyingine, nikakataa, ile kaitumia kueleza mwaka mmoja wa chuo alioanguka alama, mistari michache, nini kilitokea na alifanya nini, basi, hakuna kulialia.

Kazi ikawa kupunguza maneno. Nilitaka penseli itoke, ni maneno ya bure, msomaji hahitaji kujua mzee aliandika na nini. Akagoma. Akasema mzee mwenyewe aliniambia anatumia penseli kwa sababu mzigo haukai ulivyo, nikiitoa hiyo penseli mzee anabaki kivuli. Ikabaki, na kwa hilo alinishinda kihalali.

Shule moja ilimkataa bila hata intavyuu, nyingine ikamwita ikamchukua. Nikamuuliza vipi, walikuuliza mambo ya mzee? Akasema wapi, walimbana na malengo yake tu, kwa nini uache dawa uende kwenye ushauri wa biashara, kwa nini sasa hivi, na ukikosa hiyo kazi mpango wa pili ni upi.